Inaganda Wakati Gani? Mhadhara kuhusu prosesa mpya ndani ya kompyuta ya zamani

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Naomba nianze na kompyuta moja iliyokaa mezani kwangu siku kumi na moja.

Mwenyewe alikuwa ametoa prosesa ya viini viwili iliyokuja na mashine, akaweka ya viini vinne aliyoinunua ikiwa imetumika. Soketi, yaani kikao cha prosesa kwenye ubao, ni ile ile, ikaingia bila shida, kompyuta ikawaka mara ya kwanza, na BIOS, programu ya ndani ya ubao inayoiamsha mashine, ikaonyesha jina la prosesa mpya vizuri kabisa. Alifanya kazi kwa furaha muda mfupi, kisha kioo kikaganda. Kipanya hakisogei. Ukibonyeza Caps Lock, taa yake haibadiliki. Hakuna ujumbe wa kosa. Akaizima kwa kushikilia kitufe, akaiwasha, ikafanya kazi, ikaganda tena. Aliponiletea alikuwa ameshakata shauri kwamba ameuziwa prosesa mbovu.

Tangu hapo nimepokea nyingi za namna hiyo, na hukumu inayokuja nazo ni hiyo hiyo. Kwa uzoefu wangu mara nyingi siyo sahihi. Prosesa iliyokufa haiwaki, na iliyoharibika kwa kawaida haijifichi muda mrefu. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni kwamba prosesa mpya inadai kitu kutoka kwa majirani zake wa zamani, yaani BIOS, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), saketi ya umeme na pawa saplai, na mmoja wao hawezi kukitoa. Kazi ya fundi ni kumtambua huyo mmoja, na swali la kuanzia ni hili: inaganda wakati gani?

Kabla ya hapo tutofautishe magonjwa matatu ambayo wateja huyaita jina moja. Kuna kompyuta inayozimika ghafla, kuna inayojiwasha upya, na kuna inayoganda huku feni zinazunguka. Joto la prosesa hushukiwa kwanza kila mara, lakini prosesa za miaka mingi sasa hujilinda: ikipata moto inapunguza kasi yake yenyewe, na ikifika hatarini inazima mashine yote. Kwa hiyo joto la prosesa hujionyesha zaidi kama mashine kuwa nzito au kuzimika ghafla. Sisemi msiangalie. Pima joto, safisha pasta ya zamani ya kupitisha joto, iliyo kati ya prosesa na kipozajoto, upake mpya, na kama kipozajoto ni kile cha miguu minne ya plastiki ya kubonyeza, kagua nyuma ya ubao kama miguu yote minne imetokeza sawasawa. Mguu mmoja uliolegea unatosha. Lakini ukikuta joto liko sawa, usikwame hapo ukipaka pasta mara ya tatu. Songa mbele.

Sasa umeme, na hapa nitakaa kidogo. Pawa saplai inapeleka volti 12 kwenye ubao, na prosesa inatumia volti moja na kitu hivi. Anayeshusha ni saketi iliyo pembeni mwa soketi, ile yenye koili na kapasita zilizojipanga. Tuchukue mfano wa soketi LGA775, iliyoanza mwaka 2004 na kupokea vizazi kadhaa vya prosesa. Core 2 Duo E6300 ya mwaka 2006 ilikadiriwa wati 65. Core 2 Quad Q6600 ya mwaka 2007 ilitoka na wati 105, na toleo lake la baadaye likashuka hadi 95. Gawanya wati 65 kwa volti 1.2, unapata takriban ampea 54. Gawanya 95, unapata karibu 80. Soketi moja, lakini saketi ile inatakiwa kubeba mkondo unaozidi kwa karibu nusu, tena kwa kapasita ambazo zimeshapikwa na joto kwa miaka. Ndiyo maana kuingia kwenye soketi si dalili kwamba ubao unaikubali prosesa. Tafuta orodha ya prosesa ambazo mtengenezaji wa ubao amezithibitisha, uangalie na toleo la BIOS linaloandikwa mbele ya kila moja.

Dalili ya umeme dhaifu ni kuganda kazi inapokuwa nzito: video inachakatwa, mchezo umefunguka, viini vyote vimeamka. Chukua tochi uangalie vichwa vya kapasita. Kichwa kinatakiwa kiwe bapa. Kikivimba au kikiwa na ukoko wa kahawia, hapo hakuna mjadala. Pia kuna kosa ambalo mafundi wazuri hulifanya kwa nia njema. Wanatoa kipozajoto cha zamani kilichopuliza hewa kuelekea chini kwenye ubao, wanaweka kirefu cha mnara kinachopuliza pembeni. Prosesa inapoa kuliko zamani, lakini saketi ya umeme imenyimwa upepo uliokuwa ukiipoza. Unasoma joto la prosesa, liko zuri, na mashine inaganda.

RAM nayo ina njia yake. Kwenye bodi za LGA775 kasi ya RAM inatokana na mapigo ya msingi ya prosesa, na prosesa mbili za soketi hiyo zinaweza kuwa na mapigo tofauti kabisa: ya basi (njia ya data kati ya prosesa na ubao) 800 inapiga megahezi 200, ya basi 1333 inapiga 333. Ukibadilisha prosesa, RAM ambayo hukuigusa inaweza kujikuta inakimbizwa kwa mwendo mwingine. Katika vizazi vya baadaye hadithi ni tofauti, maana kidhibiti cha RAM kimehamia ndani ya prosesa. AMD walianza mwaka 2003, Intel wakafuata na Nehalem mwaka 2008. Huko pini moja iliyopinda, au uchafu wa pasta kwenye mguso mmoja, unaweza kuleta makosa ya RAM ingawa RAM ni nzima. Njia ya kupima ni moja kwa zote: washa Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, iache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuacha kila kitu ukashughulikia hilo.

Kama unashuku mfumo endeshi au draiva, usianze kufuta Windows ya mtu yenye kazi zake. Washa Linux kutoka kwenye flashi uitumie saa kadhaa. Ikiganda na huko, Windows haina hatia. Ndani ya Windows kwenyewe fungua kumbukumbu za matukio. Mtakuta Kernel-Power namba 41, na wengi huishika kama jibu, wakanunua pawa saplai. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Haliwezi kusema zaidi ya hapo. Chenye thamani ni WHEA-Logger, sehemu ya Windows inayoandika makosa ya maunzi: namba 19 ni kosa la maunzi lililorekebishwa, namba 18 ni lile lililoangusha mashine. Ukiona 19 zinajirudia kabla ya kuganda, una ushahidi mkononi.

Narudi kwenye mashine yangu ya siku kumi na moja. Niliipa kazi nzito saa sita. Haikuganda. Memtest usiku kucha, safi. Kapasita bapa, joto zuri. Nikamrudishia mwenyewe, na kesho yake akairudisha. Hilo liliniuma, kwa sababu alikuwa amepoteza maandishi ya asubuhi nzima akiamini neno langu. Safari hii nilifungua saa kubwa yenye mshale wa sekunde kwenye kioo nikaiacha mashine peke yake. Saa ikisimama, inakuandikia dakika yenyewe ya tukio. Ilisimama mara tatu siku ile, na mara zote hakuna aliyekuwa akiigusa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mashine hii ilikuwa inaganda ikipumzika. Prosesa isipokuwa na kazi hushusha kasi na volti ili kuokoa umeme, na kwenye BIOS za Intel utakuta vipengele vinavyoitwa C1E na EIST. Niliingia nikavizima vyote viwili. Siku nzima, saa ikatembea. Kuzima huko hakukuwa tiba, kulinionyesha tu pa kutafuta: BIOS ilikuwa ya zamani kuliko prosesa. Haikuwa na maikrokodi yake, yaani maelekezo ya ndani ambayo prosesa hupakiwa inapowaka, wala haikujua volti sahihi ya kuishushia. Na lile jina lililoonekana vizuri mwanzoni? Prosesa hubeba jina lake ndani yake na kujitaja yenyewe. BIOS ilikuwa inasoma tu.

Mnasikia sasa dawa ni kusasisha BIOS, na hapa nawaomba sana msikilize. Usisasishe BIOS kwenye mashine inayoganda. Ikisimama katikati ya kuandika, ubao haurudi tena isipokuwa kwa kifaa maalumu cha kuandikia chipu. Toa prosesa mpya. Rudisha ile ya zamani ambayo mashine ilitulia nayo, ndiyo maana nasema daima msiiuze mapema. Sasisha ukiwa na umeme wa uhakika. Kisha rejesha mipangilio ya kiwandani, kwa menyu au kwa kutoa betri ya CR2032 mashine ikiwa imechomolewa, ili volti na kasi zilizowekwa kwa ajili ya prosesa ya zamani zisibaki. Ndipo uweke mpya. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, hutajua kipi kilichoponya, na ugonjwa ukirudi unaanza upya.

Nilifanya hivyo, kwa mpangilio huo. Niliiwasha, nikarudisha C1E na EIST kama zilivyokuwa, nikafungua ile saa, nikafunga mlango. Asubuhi ya kwanza mshale ulikuwa unazunguka. Sikuigusa, nikaiacha tena. Asubuhi ya pili nilikuta bado unazunguka, ndipo nikampigia mwenyewe simu.