Kibofu chenye haraka

Shikamooni mama zangu. Na nyie dada zangu, karibuni.

Jambo la leo kliniki mnalitaja mkiwa mmeshashika kitasa, mnaondoka: haja ndogo inayokuja ghafla na haisubiri. Ukisikia bomba linatiririka, au ukifika mlangoni unatafuta ufunguo, umebanwa. Wengine huwahi, wengine hulowana.

Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 300 hadi 500. Kikijaa taratibu, msuli wake hutulia mpaka ufike chooni. Huyu mwenye haraka, msuli wake unajikaza mapema, mkojo ukiwa kidogo tu. Anayevuja akipiga chafya au akinyanyua gunia la korosho ni mwingine. Huyo misuli ya nyonga imelegea, mara nyingi kwa uzazi. Wapo wenye yote mawili. Na anayevuja usiku na mchana tangu apate uchungu wa uzazi wa muda mrefu, tunahofia fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo hutibiwa kwa upasuaji, asijifiche ndani.

Sasa umri. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua, ngozi ya ndani ya njia ya mkojo inakuwa kavu na nyembamba, na maambukizi hurudi kirahisi. Kibofu hakibebi kama zamani, wala hakimalizi mkojo wote. Usiku figo hutengeneza mkojo mwingi kuliko ujanani. Bibi wa miaka 70 kuamka mara mbili hanishangazi. Akiamka mara tano nataka kumpima sukari na mkojo, na kujua dawa ya presha anaimeza saa ngapi, maana zipo zinazokojoza. Tukisema “uzee tu” tunamwacha akimbie gizani kwenda choo cha uani, ateleze, avunjike nyonga.

Wengi mnajinyima maji, hasa siku ya basi la Dar. Nawaelewa. Lakini mkojo ukiwa mkali unakichokoza kibofu, na choo kikiwa kigumu kinakibana. Kunyweni mchana, punguzeni kuanzia magharibi. Ramadhani ndiyo ngumu, maji yote yanaangukia usiku. Basi angalau ipunguzeni chai ya rangi, kwa sababu kafeini huamsha kibofu.

Halafu kifundisheni kusubiri. Ukiwa unakwenda kila saa, ongeza dakika 15. Ukizoea, ongeza tena. Ukibanwa usikimbie, kimbio ndilo linalomwaga. Simama au kaa, bana kule chini kama unayezuia upepo mbele ya wakwe (chekeni, lakini ndivyo ilivyo), achia, bana tena, mara kadhaa. Ule mbano utapungua, ndipo utembee. Kubana huko kufanyeni kila siku, ila si katikati ya kukojoa. Msitegemee nafuu kwa siku tatu. Ni wiki sita, pengine miezi mitatu.

Dawa zipo. Oksibutinini hutuliza msuli, lakini hukausha mdomo, hufunga choo, na kwa wazee inaweza kuvuruga akili. Kwa bibi mimi sianzi nayo.

Mwenye damu kwenye mkojo, haya ya kusubiri hayamhusu. Kusini kwetu kuna kichocho, na umri ukiwa mkubwa tunatafuta hata saratani ya kibofu. Huyo aje apimwe wiki hii hii.