Wiki nane kwenye meza ya kufungulia akaunti

BARAKA: Haya wapendwa, tumerudi. Mimi ni Baraka, na leo sipo peke yangu. Neema karudi! Miezi miwili mmeuliza yuko wapi, leo mwulizeni mwenyewe.

NEEMA: Niwieni radhi, ndugu zangu. Nilikuwa fildi, yaani mafunzo ya kazi. Chuo kikifunga mwezi wa saba sisi wa mwaka wa pili tunatawanyika maofisini, na mimi niliangukia benki, tawi kubwa tu la huku mjini Posta. Wiki nane. Natoka Kimara na mwendokasi kabla hakujapambazuka vizuri, narudi saa mbili usiku, hoi.

BARAKA: Jina la benki hatulitaji.

NEEMA: Hatulitaji. Siku ya kwanza kabla hata sijaonyeshwa pa kukaa nilisainishwa karatasi ya kutunza siri. Na wateja nitakaowasimulia nimewabadilishia mambo madogo madogo ili wasitambulike. Siri ya mteja ni ya mteja.

BARAKA: Sasa tuanzie mwanzo. Uliipataje hiyo nafasi? Kuna wadogo zetu wanasikiliza hapa, barua za chuo ziko mikononi na hawajui pa kuzipeleka.

NEEMA: Nilipeleka barua sehemu kumi na moja, Baraka. Kumi na moja! Unaiacha mapokezi, wanakugongea mhuri kwenye kopi yako, wanakwambia tutakupigia. Nilianza kuzungusha mwezi wa pili, nikapigiwa wiki mbili kabla ya kufunga chuo. Wenzangu wenye mjomba au shangazi ndani walijibiwa haraka. Hili linaniuma na nitalisema hapahapa. Fildi ni somo. Ina alama, na usipoifanya huhitimu. Haifai iwe fadhila ya mtu kwa mtoto wa ndugu yake.

BARAKA: Hapo nakuunga mkono. Mimi fildi yangu niliipata kwa sababu baba alisoma na mtu wa pale. Sikuwa bora kuliko wenzangu waliokosa, na nilijua.

NEEMA: Na posho hakuna. Nauli na chakula ni ile hela ya fildi ya Bodi ya Mikopo. Tulikuwa na mwenzetu hana mkopo, kila siku anakuja na viazi vyake kwenye kontena. Tukawa tunakula pamoja ili asile peke yake pembeni.

BARAKA: Ulipofika walikupa kazi gani?

NEEMA: Kopi. Wiki nzima ya kwanza mimi na mashine ya kopi. Jioni nafungua logibuku nijaze nilichojifunza, naandika nini? Jumatatu kopi, Jumanne kopi na kuskani, Jumatano kupanga mafaili. Ijumaa nikamfuata msimamizi wangu. Nikamwambia, shikamoo mama, naomba wiki ijayo nikae na wahudumu, hata kama ni kuwajazia fomu. Akaniangalia, akasema, kumbe unataka kazi? Jumatatu nikakuta kiti changu kwenye meza ya kufungulia akaunti.

BARAKA: Kwa hiyo kuomba tu.

NEEMA: Kuomba, kwa adabu. Wao wana malengo ya mwezi, wana foleni, hawana nafasi ya kukaa wakufikirie wewe. Sio roho mbaya.

BARAKA: Haya, kwenye meza sasa.

NEEMA: Ile meza, kwanza ni vidole. Unaleta namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, unaweka kidole kwenye kimashine, taarifa zako zinakuja. Sasa akaja mzee mmoja fundi mwashi. Miaka mingi anachanganya saruji kwa mikono. Anaweka dole gumba, mashine inakataa. Cha shahada, inakataa. Dada niliyekaa naye akachukua kitambaa chenye maji, akamfuta taratibu kidole kimoja kimoja, anajaribu tena. Vidole vya yule mzee vilikuwa laini kama karatasi iliyosuguliwa, mistari hakuna. Foleni nyuma inaanza kuguna. Mzee akawa anaificha mikono chini ya meza, kama vile kakosa yeye.

BARAKA: Jamani.

NEEMA: Tulikwenda mpaka kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kikakubali! Yule dada akapiga makofi mawili pale pale, mzee akacheka. Nimesoma darasani habari za watu wasiofikiwa na huduma za kibenki, nimejibu na mtihani. Lakini sikuwahi kufikiria mtu anaweza kuishia nje ya benki kwa sababu kazi imemla alama za vidole.

BARAKA: Na kaunta ulifika?

NEEMA: Kushika pesa ya mteja mwanafunzi haruhusiwi, na ni sawa kabisa. Chumba cha hazina ndiyo usiseme. Kule hakuna mtu anayeingia peke yake, hata meneja. Watu wawili, kila mmoja na ufunguo wake. Na karibu kila kitu kiko hivyo, mmoja anaingiza, mwingine anathibitisha. Ila jioni nilikuwa naruhusiwa kukaa nyuma wakati makeshia wanafunga hesabu. Sasa subiri nikupe ya shoti.

BARAKA: Wasikilizaji, shoti ni pale hesabu ya kwenye mfumo inasema uwe na kiasi fulani, na droo yako ina pungufu.

NEEMA: Na pungufu ni lako, unalipa. Kulikuwa na kaka mmoja keshia, mgeni kwenye kazi. Jioni moja akahesabu, shoti elfu tisini. Kahesabu tena, tisini. Mikono inamtetemeka. Pale kuna mama mmoja keshia wa siku nyingi, sote tunamwita Bi Mkubwa. Akaja na kikombe chake cha chai, akauliza, shoti ngapi? Tisini elfu. Akasema, gawanya kwa tisa.

BARAKA: Kwa nini tisa?

NEEMA: Na mimi niliuliza hivyo hivyo. Akavuta karatasi akanionyesha. Tarakimu mbili zikipishana wakati wa kuingiza, yaani ya mbele ikaenda nyuma, tofauti yake lazima igawanyike kwa tisa bila kubaki kitu. Andika 45, igeuze iwe 54, tofauti 9. Andika 27, iwe 72, tofauti 45. Jaribu yoyote. Sasa tisini elfu ukigawanya kwa tisa unapata elfu kumi kamili. Maana yake, tarakimu ya laki na ile ya makumi elfu zimepishana, na zinaachana kwa moja. Akasema siyo lazima iwe hivyo, lakini anzieni hapo.

BARAKA: Kwa hiyo mnatafuta 120,000 iliyokuwa 210,000, au...

NEEMA: Umeipata! Tukagawana vocha za siku nzima, mimi, yule kaka na Bi Mkubwa. Kwenye rundo langu nikakutana na vocha ya kuweka pesa, mwandiko wa mtu asiye na haraka: 450,000, na chini kwa maneno, laki nne na elfu hamsini tu. Kwenye mfumo imeingia 540,000.

BARAKA: Eeh!

NEEMA: Nilipiga kelele, nikaambiwa nishushe sauti. Mteja akapigiwa, alikuwa hata hajagusa hiyo pesa. Muamala ukasahihishwa, mkubwa mwingine akathibitisha, yule kaka akaweka kichwa mezani. Elfu tisini yake, Baraka! Nimesoma uhasibu mihula minne, na hilo la tisa nimelijua kwa mama mwenye kikombe cha chai.

BARAKA: Niambie na wazee. Siku za pensheni si mnajaa?

NEEMA: Wanakuja asubuhi na mapema, wamevaa vizuri, na wana historia kuliko maktaba. Mmoja kanisimulia enzi baada ya Azimio la Arusha, benki zilipotaifishwa Februari 1967 ikaundwa NBC, Benki ya Taifa ya Biashara. Anasema ukisema naenda benki, hakuna anayeuliza ipi. Mpaka sheria ya mwaka 1991 ilipofungulia benki binafsi, na 1997 NBC yenyewe ikagawanywa, NMB ikazaliwa. Yeye alikuwa bado anadai kitabu chake cha akiba. Anataka aone imeandikwa.

BARAKA: Namwelewa. Ujumbe wa simu unafutika.

NEEMA: Lakini kuna mmoja, Baraka, ndiye aliyenifanya nitake kurudi benki nikimaliza chuo. Mama mmoja, mjane. Mumewe alikuwa mteja. Mama ana cheti cha kifo, ana karatasi za mahakama ya mwanzo za usimamizi wa mirathi, kila kitu. Kwenye cheti mume ameandikwa Ramadhani. Kwenye akaunti, Ramadhan.

BARAKA: Herufi moja.

NEEMA: Herufi "i". Na siwezi kusema benki imekosea, maana ikimpa pesa Ramadhani asiye yeye, nani anajibu? Lakini alishakuja mara mbili kabla sijafika pale. Mara ya kwanza karudishwa kwa karatasi hii, ya pili kwa nyingine. Anatoka Kisarawe, na kila safari ni nauli na siku nzima ya biashara yake ya maandazi. Hakuna aliyekaa akamwangalizia zote kwa pamoja.

BARAKA: Ukakaa wewe.

NEEMA: Mimi nilikuwa na kitu ambacho ofisa hana. Nilikuwa na muda. Dada wa mezani akaniambia kaa naye pale pembeni. Tukatandaza karatasi zote, nikapitia jina kwa jina, tarehe kwa tarehe. Nikakuta na jingine ambalo lingemrudisha mara ya nne: jina la katikati la mama mwenyewe, kwenye kitambulisho lina "h", kwenye karatasi ya mahakama halina. Nikampelekea dada akahakiki. Nikamwandikia mama kwenye karatasi moja, aende kwa wakili aape kwa majina yote mawili, la mume na lake, aje na nakala ngapi, amtafute nani. Kwa herufi kubwa, maana alisema mwanawe ndiye atakayemsomea.

BARAKA: Akarudi?

NEEMA: Ijumaa ya wiki yangu ya mwisho. Nilikuwa nakusanya sahihi kwenye logibuku nikasikia naitwa, "Mwanangu!" Kashika ile karatasi yangu, kaikunja mara nne mpaka imechakaa, na kila mstari umewekwa alama ya vema kwa penseli. Mwanawe ndiye aliyekuwa anaziweka. Dada akapokea, akapitia, akapeleka kwa wa kuthibitisha. Mama akakaa kwenye kiti changu kusubiri.

BARAKA: Ikapita?

NEEMA: Ikapita. Akatoa maandazi manne kwenye mfuko, bado yana moto.