Je, Fizikia ya Kwanta Inaweza Kufasiriwa Bila Athari za Mbali?

Ndugu walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mliofika kutoka Iringa, Njombe na hapa Mbeya mjini, ninawashukuru kwa kuja. Leo ninataka tujadili kama fizikia ya kwanta, yaani nadharia ya vitu vidogo sana kama atomu na chembe za mwanga, inaweza kufasiriwa kwa namna inayotimiza masharti mawili kwa pamoja: la kwanza, kwamba ulimwengu una hali yake halisi, awepo mtu wa kuupima au asiwepo, la pili, kwamba linalofanyika mahali pamoja haliwezi kubadili kilichopo mahali pengine kwa kasi inayozidi ile ya mwanga. Albert Einstein aliyashikilia yote mawili. Mwaka 1935, akiwa na Boris Podolsky na Nathan Rosen, alitoa hoja kwamba anayeyashika atalazimika kukiri kuwa nadharia ya kwanta haijakamilika, yaani kuna mambo ya kweli kuhusu chembe ambayo nadharia hiyo haiyataji. Niels Bohr, mwanafizikia wa Denmark, alimjibu mwaka huohuo, na wanafizikia wengi wakaona kwamba mjadala umefungwa, ingawa kwa maoni yangu jibu lile halikuigusa hoja yenyewe.

Aliyeufungua upya ni John Bell, mwanafizikia mzaliwa wa Belfast aliyefanya kazi CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva, katika makala yake ya mwaka 1964. Ikirahisishwa, hoja yake inaweza kufuatwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, na ningependa tuipitie polepole, kwa sababu makosa mengi yanayosemwa kuhusu mada hii hutokana na kuruka hatua moja iliyomo ndani yake.

Chukueni wanafunzi wawili waliosoma pamoja. Mmoja anapelekwa Chunya, mwingine Tukuyu, na kila mmoja anaulizwa swali moja kati ya matatu, tuyaite A, B na C, naye anajibu ndiyo au hapana kabla hata mwanga haujaweza kusafiri kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake. Hakuna anayejua mwenzake ataulizwa lipi. Zoezi linarudiwa mara nyingi sana, na tunagundua kwamba kila wanapoulizwa swali lilelile, majibu yao hufanana bila kukosa. Ikiwa hakuna habari inayopita kati yao, inabaki kwamba walikubaliana kabla ya kuachana, na tena walikubaliana juu ya maswali yote matatu, maana lolote lingeweza kuulizwa. Sasa hesabuni. Maswali ni matatu, majibu yanayowezekana ni mawili tu, kwa hiyo, wakubaliane watakavyo, angalau maswali mawili yatakuwa na jibu moja. Jozi za maswali tofauti ni tatu, yaani AB, BC na AC, na angalau moja kati yake ina majibu yanayofanana. Basi wakiulizwa maswali tofauti yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, majibu yao hayana budi kufanana, kwa wastani, angalau mara moja katika kila tatu.

Fotoni, yaani chembe za mwanga, hazifanyi hivyo. Fotoni mbili zilizofungamana, yaani zinazoshiriki hali moja ya kwanta, zikipelekwa kwenye vichujio vya polaroidi vilivyowekwa katika pembe za nyuzi 0, 60 na 120 (pembe ndiyo swali, kupita ni ndiyo, kuzuiwa ni hapana), hutoa jibu moja daima pale vichujio viwili vinapokuwa katika pembe moja. Pembe zikitofautiana, nadharia inasema kiwango cha kufanana ni mraba wa kosaini ya nyuzi 60, ambao ni robo. Robo ni ndogo kuliko theluthi, wala hakuna makubaliano ya awali, hata yapangwe kwa ustadi gani, yanayoweza kushuka hadi hapo.

Maabara zimekuwa upande wa nadharia. Stuart Freedman na John Clauser walipima huko Berkeley, Marekani, mwaka 1972. Alain Aspect na wenzake, huko Ufaransa mwaka 1982, walibadili mipangilio ya vipimo wakati fotoni zikiwa safarini. Na mwaka 2015 kundi la Delft, Uholanzi, lilipima elektroni zilizomo ndani ya almasi mbili zilizotengana kwa kilomita 1.3. Kwa kipimo walichokitumia, majibu yaliyopangwa mapema hayawezi kuzidi 2. Wao walipata 2.42.

Vitabu vingi huhitimisha hapa kwamba tunaruhusiwa kuchagua: tuache sharti la kwanza tubaki na la pili, au kinyume chake. Mimi sikubaliani, na hii ndiyo ile hatua inayorukwa. Sisi hatukuanza kwa kudhani kwamba majibu yalikuwepo tangu awali. Tulilazimika kufika hapo kwa sababu majibu yalifanana bila kukosa huku tukikataa kwamba chochote kilivuka kutoka Chunya hadi Tukuyu. Anayesema kwamba jibu la Tukuyu halikuwepo mpaka lilipoulizwa, anapaswa kutueleza lilifananaje na la Chunya. Kulitupa sharti la kwanza, peke yake, hakuliokoi la pili.

Wapo waliokubali waziwazi gharama ya kuliacha sharti la pili. Nadharia ya David Bohm ya mwaka 1952 inazipa chembe mahali halisi wakati wote, lakini mwendo wa moja hutegemea papo hapo mahali zilipo nyingine, hata za mbali. Ninaiheshimu kwa uwazi wake. Ni kweli kwamba hakuna anayeweza kuitumia athari hiyo kupeleka ujumbe, kwa kuwa anayesoma majibu ya Tukuyu pekee huona bahati nasibu tupu. Hata hivyo, mtu kushindwa kuitumia si sawa na athari yenyewe kutokuwepo.

Wengine husema uchaguzi wa maswali nao ulipangwa pamoja na majibu tangu mwanzo wa ulimwengu. Mwaka 2018 watafiti waliacha maswali yachaguliwe na mwanga wa kwasari, yaani viini ving'avu vya galaksi za mbali sana, uliotoka huko miaka isiyopungua bilioni 7.8 iliyopita, na matokeo hayakubadilika. Hilo halikanushi dai lao kimantiki, lakini kwa mtazamo wangu dai la namna hiyo linaondoa maana ya kufanya jaribio lolote.

Inabaki njia ya Hugh Everett ya mwaka 1957, nayo ninaichukua kwa uzito mkubwa kuliko zote. Hoja ya Bell ilidhani jambo ambalo hatukulitaja, kwamba kila swali lina jibu moja tu linalotokea. Everett analikataa: Chunya zinatokea ndiyo na hapana, Tukuyu vilevile, na ulinganifu haupatikani mpaka karatasi za majibu zikutane Mbeya mjini, zikiwa zimesafiri kwa kasi isiyozidi ya mwanga. Hali halisi ipo, na hakuna kinachoruka. Kwa hiyo ninajibu swali la leo kwa ndiyo, kwa sharti kwamba tuache dhana ya tokeo moja.

Lakini ndiyo hiyo ina deni. Ikiwa matokeo yote hutokea, kusema kwamba majibu hufanana kwa kiwango cha robo kuna maana gani? David Deutsch alijaribu mwaka 1999 kukipata kiwango hicho kutokana na kanuni za mtu anayefanya uamuzi kwa busara, na David Wallace akaiendeleza kazi hiyo kwa umakini mkubwa. Nimeisoma kwa shauku ya mtu anayetamani ifanikiwe, na kila mara ninaona kwamba mahali fulani katika kanuni hizo, ile robo imeshaingizwa kwa mlango wa nyuma.