Vinasaba vya skizofrenia na kipimo kinachopotea njiani

Mabibi na mabwana,

Mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile, au karibu sana. Hata hivyo, mmoja wao akipata skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra na namna mtu anavyouona uhalisia, uwezekano wa mwenzake kuugua ni kati ya theluthi na nusu, ilhali kwa watu kwa jumla uwezekano huo ni karibu asilimia 1. Urithi, basi, una nguvu kubwa, lakini hauamui peke yake.

Mara nyingi naulizwa jeni ya skizofrenia ni ipi. Hakuna. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 76,000, ulibaini maeneo 287 ya vinasaba yanayohusiana na ugonjwa huu, na karibu kila moja huongeza hatari kwa kiasi kidogo mno, hata mtu akaweza kubeba mengi asiugue maishani mwake. Yapo mabadiliko adimu yenye uzito mkubwa: miongoni mwa waliozaliwa na upungufu wa kipande fulani cha kromosomu ya 22, takriban robo hupata saikosisi, yaani hali ya kupotewa na uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwapo.

Watafiti hujumlisha athari hizo ndogondogo wakapata kipimo kimoja cha hatari, na hapo ndipo penye utata ninaotaka tuutazame. Mara nyingi kipimo hicho hakisomi badiliko lenyewe linaloleta madhara, bali herufi jirani katika mfuatano wa DNA, ambayo hurithiwa pamoja nalo. Ujirani huo hutegemea historia. Waliotoka Afrika zamani walikuwa wachache, kwa hiyo vizazi vyao vimebaki na vipande virefu vya DNA vinavyosafiri pamoja. Ndani ya Afrika, ambako binadamu wameishi muda mrefu zaidi na kwa wingi zaidi, vipande hivyo vimekatwakatwa na kuchanganywa hata jirani na badiliko wakaachana. Kipimo kilichoundwa kwa sampuli za Wazungu, ambazo ndizo zilizojaa katika tafiti hizi, kikiletwa kwa Mwafrika husoma jirani aliyekwisha kuhama.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba ugonjwa wenyewe ni tofauti. Utafiti wa mwaka 2019 uliolinganisha watu wa Asia Mashariki na wa asili ya Ulaya ulikuta athari za mabadiliko ya kawaida zikiwiana karibu kabisa, kwa uwiano wa 0.98, ambapo 1 ni kufanana kabisa. Na wala wastani wa kipimo hicho ukitofautiana kati ya jamii mbili, hilo si ushahidi kwamba jamii moja inaugua zaidi. Kosa hili nimelisikia hata kwa wasomi.

Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo kuhusu Waxhosa wa Afrika Kusini, wagonjwa 909 tu, idadi ndogo ukilinganisha na zile za Ulaya. Waligundua kuwa wagonjwa, kuliko wasiougua, walibeba kwa wingi zaidi mabadiliko adimu yenye kudhuru, hasa katika jeni za sinapsi, pale seli za neva zinapopashana habari. Huo utajiri wa tofauti za vinasaba ulioko Afrika, ambao huvuruga kipimo cha kukopa, ndio uliowawezesha kuona hayo kwa sampuli ndogo namna ile.