Atlanta Braves 2025: Majeruhi Tumepata, Ila Uongozi Haukujiandaa

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Video ya leo haihusu kodi ya nyumba wala makaratasi ya uhamiaji. Leo ni besiboli, na nina uchungu, kwa hiyo mtanivumilia. Msimu wa 2025 umeisha Jumapili, Septemba 28. Timu yangu, Atlanta Braves, imemaliza na ushindi 76 na vipigo 86, na hatumo kwenye mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2017. Halafu Jumatano kocha wetu Brian Snitker akatangaza kwamba anaachia ngazi. Mzee huyo yupo na klabu hii tangu 1977. Amefundisha timu ndogo za klabu, akapanda taratibu, akakabidhiwa timu kubwa 2016, na 2021 akatupa ubingwa. Mtu wa namna hiyo alistahili kuagwa kwa heshima zaidi ya msimu huu.

Kwa mliopo nyumbani ambao besiboli mnaisikia kwa mbali, niwaelezee kidogo ili tuende pamoja. Ligi kuu ya huku Marekani ina timu 30. Kila timu inacheza mechi 162, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, yaani karibu kila siku. Hakuna sare, hakuna kushuka daraja. Ukifungwa leo, kesho jioni uko uwanjani tena. Na moyo wa timu ni mrushaji, yule anayesimama katikati na kumrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Anarusha kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa na zaidi, mara 90 hivi kwa mechi moja. Baada ya hapo mkono umechoka kabisa, anapumzika siku nne au tano. Ndiyo maana kila timu inahitaji warushaji watano wa kuanzisha mechi, wanapokezana.

Sasa wa kwetu. Reynaldo López alianza mechi moja tu, moja, akapelekwa kufanyiwa upasuaji wa bega. AJ Smith-Shawver, kijana wa miaka 22, ndiyo kwanza ameanza kung'aa, mwishoni mwa Mei kano ya kiwiko ikachanika. Hapo inafanyika operesheni wanayoiita Tommy John, jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974: wanatoa kano sehemu nyingine ya mwili na kuipandikiza kwenye kiwiko. Mrushaji anakaa nje mwaka mzima na zaidi. Spencer Schwellenbach akavunjika mfupa wa kiwiko. Grant Holmes naye, Julai, kiwiko hichohicho.

Na Chris Sale. Wapendwa, hii ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Tarehe 18 Juni tunacheza na New York Mets hapa kwetu. Sale alikuwa na miaka 36, mwembamba, mrefu, na usiku ule hakuna aliyemuweza. Awamu ya 9, ya mwisho, tunaongoza kwa raha zetu, mpigaji wao Juan Soto anapiga mpira wa chini unaopita pembeni yake. Mrushaji mwingine angeuacha, wenzake wapo nyuma. Sale akajirusha mzimamzima, akaangukia upande wa kushoto, ule wa mkono anaorushia. Akainuka, akajipangusa vumbi, akaendelea kurusha! Tukashinda 5-0, sisi jukwaani tunashangilia, kumbe mbavu zimevunjika. Hakurudi hadi mwisho wa Agosti, wakati msimu umeshatuponyoka. Mwezi mmoja baada ya kuumia, Julai 15, mechi ya nyota wa ligi nzima ikachezwa kwenye uwanja wetu wenyewe, Truist Park. Sale alikuwa amechaguliwa. Hakurusha hata mpira mmoja.

Mashabiki wengi huku wanasema ni mkosi, timu imerogwa. Jirani yangu Mkongomani hapa Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, mama mmoja kutoka Uvira ambaye wanawe wote wanavaa jezi namba 13 ya Ronald Acuña, mpigaji nyota wetu, aliniambia, "Ndugu, hii timu iombewe." Mimi nasema hapana. Maombi sawa, lakini tuangalie na hesabu.

Desemba 2024 Max Fried, mmoja wa warushaji wetu bora, tuliyekaa naye miaka minane, alimaliza mkataba akasaini New York Yankees kwa dola milioni 218. Charlie Morton naye akaondoka. Hao ni wawili kati ya watano. Nani akanunuliwa kuziba nafasi? Hakuna mrushaji wa maana hata mmoja. Na siyo kwamba waliobaki walikuwa wazima. Spencer Strider alikuwa bado anauguza kiwiko alichofanyiwa upasuaji 2024. López alisumbuliwa na bega mwaka huohuo. Sale mgongo ulimbana mwishoni mwa msimu hata mechi za mtoano hakucheza. Uongozi ulijua yote haya. Ukiwa na dari linalovuja miezi yote ya kiangazi, masika ikija huwezi kusema mvua imekuonea.

Pesa iliyotumika ilienda kwa mpigaji, Jurickson Profar, dola milioni 42 kwa miaka mitatu. Alicheza mechi nne za mwanzo, akafungiwa mechi 80 kwa kukutwa na dawa zilizokatazwa. Mechi nne! Na wakati huo tulikuwa tunafungwa kila siku. Mechi saba za mwanzo tumepoteza zote saba, nne San Diego na tatu Los Angeles. Ile ya saba tuliongoza 5-0, wakaturudishia zote, halafu Shohei Ohtani akaupiga mpira ukavuka uzio, hilo ni bao, mechi ikaisha pale. Mimi niliangalia hadi usiku wa manane huku nina zamu ya alfajiri.

Kilele cha msimu wetu kwangu ni Mei 23. Acuña, baada ya karibu mwaka mzima wa kuuguza goti, anarudi. Uwanja mzima umesimama. Mpira wa kwanza kabisa anaorushiwa, anaupiga mita 142, unaangukia huko kwenye viti vya nyuma. Watu wazima walilia, siongezi chumvi. Na mechi tukafungwa 2-1. Bao hilo moja la Acuña ndilo pekee tulilopata usiku ule.

Julai ilipofika, badala ya kutafuta mrushaji wa kweli, wakachukua Erick Fedde na Carlos Carrasco, warushaji ambao timu zao zilikuwa hazina tena nafasi nao. Fedde hakumaliza hata mwezi wa Agosti na sisi. Wakati huo Fried anashinda mechi 19 New York. Kumi na tisa.

Namheshimu Alex Anthopoulos, meneja mkuu wetu. Ndiye aliyeijenga timu ya 2021, na pale Acuña alipoumia goti Julai mwaka ule, hakukaa kulalamika. Alinunua wachezaji wanne wa eneo la nje la uwanja ndani ya wiki chache, na tukachukua kombe. Ndiyo maana nina hasira: anajua jinsi inavyofanyika, alishafanya.

Yapo ya kushukuru. Drake Baldwin, mdakaji, yule anayedaka mipira ya mrushaji, msimu wake wa kwanza, amepiga kama mtu wa miaka kumi ligini. Hurston Waldrep ameingia Agosti akarusha bila woga. Na Matt Olson amecheza mechi zote 162. Tangu aje kwetu 2022 yule bwana anacheza zote kila mwaka, na msimu huu amefanya hivyo akiwa katika timu iliyokuwa inasambaratika kila wiki. Ukikutana naye mtaani mpe mkono.

Kwa wale vijana wa Dar mnaocheza pale uwanja wa Azania, nawaomba kitu kimoja: msimruhusu mtu akurushishe mipira mingi kila siku kwa sababu eti una mkono mzuri. Kiwiko cha miaka 16 ndicho utakachokuwa nacho miaka 25.

Majira ya baridi haya nataka kuona warushaji wawili wa kuanzisha mechi wamesainiwa, wazima, kabla ya mazoezi ya Februari kule Florida. Siyo mmoja, wawili. Wakisainiwa, nitawaletea video siku hiyohiyo. Wasiposainiwa, nitawaletea pia, na itakuwa ndefu kuliko hii. Haya, mbaki salama, nisalimieni nyumbani.