Melba Liston: Mpuliza Tromboni Aliyekipa Kiswahili Nafasi Kwenye Santuri ya Jazi

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Mombasa, na shikamooni nyote mlionizidi umri. Leo ninarekodi nikiwa Kansas City, katika jimbo la Missouri, kwenye makutano ya barabara ya 18 na Vine, lilipo jumba la makumbusho ya jazi. Upepo ni mkali, kwa hivyo mkisikia kelele mtaniwia radhi. Najua wengi wenu mnasubiri niendelee na habari za karatasi za uhamiaji, na hizo zitakuwa na siku yake. Leo nataka kuwasimulia juu ya mwanamke aliyezaliwa katika mji huu tarehe 13 Januari 1926, aitwaye Melba Liston, aliyekuwa mpuliza tromboni, mpangaji wa muziki na mwalimu, kwa sababu moja ya kazi zake inatuhusu sisi wenye lugha hii, na mimi mwenyewe niliishi miaka mingi bila ya kuijua.

Tromboni mnaijua, hata kama jina lake hamlikumbuki. Ni lile tarumbeta refu la kwenye beni, lenye mrija unaosukumwa mbele na kurudishwa nyuma. Mjomba wangu, ambaye baadhi yenu wa Majengo mlimwona akipuliza katika arusi, alikuwa nayo moja iliyobonyea ubavuni, na kila kabla ya kumsindikiza bwana arusi aliketi barazani akaufuta ule mrija kwa kitambaa, akaupaka mafuta kidogo sana, kisha akauendesha mbele na nyuma mpaka uteleze bila kukwaruza. Siku moja mchanga uliingia, mrija ukakwama tukiwa katikati ya njia, na mjomba akabaki na sauti moja ile ile hadi tulipofika kwa bibi arusi. Yeye ndiye aliyenieleza kwa nini wenye tromboni hupangwa safu ya mbele: ukitembea mbele yao, mrija utakugonga kisogoni.

Ugumu wa chombo hiki ni kwamba hakina vidude vya kubonyeza kama tarumbeta la kawaida. Mrija una vituo saba, lakini hakuna alama yoyote inayokuonyesha kituo kilipo. Ukikosea kwa upana wa kidole, sauti imeharibika na kila mtu amesikia. Mkono unaongozwa na sikio, kama mwimbaji anavyoitafuta sauti kooni mwake. Sasa mfikirieni mtoto wa kike wa miaka saba, aliyeiona tromboni dukani akaipenda kwa kuitazama tu, na mama yake akakubali kumnunulia. Mkono wake haukufika kwenye vituo vya mwisho, hivyo ilimbidi ageuze kichwa pembeni ili aupeleke mrija mbali zaidi. Babu yake alikuwa na gitaa, na wawili hao waliketi nyuma ya nyumba jioni wakitafuta nyimbo za kanisani, mmoja kwa nyuzi na mwingine kwa pumzi. Alipofika miaka minane alikwisha kupiga peke yake katika redio ya hapa mjini.

Mwaka 1937 familia ilihamia Los Angeles, na huko akaangukia mikononi mwa mwalimu aitwaye Alma Hightower, mwanamke aliyekuwa akifundisha watoto wa Kiafrika wa mitaa ile muziki kwa nidhamu kali. Akiwa na miaka 16 Melba aliingia katika bendi ya ukumbi wa Lincoln, na mwaka uliofuata, 1943, akajiunga na bendi kubwa ya Gerald Wilson. Hapo ndipo alipokomaa katika kazi ambayo ningependa kuikalia kidogo, kwa maana bila ya kuielewa hamtaelewa kwa nini jina lake halivumi kama la wenzake.

Kazi hiyo ni ya kupanga sauti. Katika bendi ya watu 15 au 20, haitoshi mtu kuja na wimbo kichwani. Lazima aweko mwenye kuandika kwenye karatasi kila mmoja apige nini, aanze lini, anyamaze lini, nani awe juu ya nani. Sisi Mombasa tunalijua jambo linalofanana nalo. Mtaani kila mtu alimjua mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo kwa sauti yake, lakini ni wangapi waliokuwa wakiuliza mashairi yale yametoka kwenye kalamu ya nani, hata wakaambiwa kwamba mengi ni ya Ahmad Nassir? Mwenye kalamu hukaa nyuma ya pazia. Melba alikaa nyuma ya pazia hilo kwa zaidi ya miaka 40, na kwa maoni yangu si kwa unyenyekevu peke yake. Jukwaa la wakati ule halikumtaka mwanamke mwenye chombo cha shaba mkononi.

Dhiki zake hazikuwa ndogo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alisafiri Kusini mwa Marekani katika bendi iliyomsindikiza mwimbaji Billie Holiday, safari ambayo watazamaji walikuwa haba, fedha zikaisha, na wanamuziki wakakwama mbali na kwao. Katika mahojiano ya uzeeni alisema wazi kwamba ubakaji nao ni miongoni mwa mambo yaliyompata katika maisha ya njiani. Alirudi Los Angeles akaiweka tromboni kando, akafanya kazi ya ofisini katika idara ya elimu ya jiji. Kwa nyongeza ya kipato alikuwa akionekana katika filamu za Hollywood, na katika filamu moja ya mwaka 1955 alipewa kinubi akatembea nyuma ya mwigizaji Lana Turner akijifanya anakipiga. Mwanamke aliyeweza kuandikia bendi nzima, na sinema ikamwona anafaa kushika kinubi tu!

Aliyemtoa huko ni Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta ambaye alikwisha kufanya naye kazi zamani. Mwaka 1956 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilimtuma Gillespie na bendi kubwa kwenda kupiga katika nchi za nje, na yeye akamwita Melba kutoka California. Wanaume wa bendi walinung'unika, wakiuliza kwa nini mwanamke aletwe kutoka mbali vile ilhali wapuliza tromboni wamejaa New York. Gillespie hakubishana nao. Alitaka zigawiwe karatasi za muziki alioupanga Melba, na walipojaribu kuupiga wakajikwaa mara tu walipoanza. Manung'uniko yakapungua. Bendi ile ilipita Iran, Pakistan, Lebanon, Syria, Uturuki, Yugoslavia na Ugiriki, na ilipofika Karachi mimi najisikia kama imekaribia kwetu, kwa sababu majahazi ya Karachi yalikuwa yakitia nanga Bandari ya Kale tangu enzi za babu zetu.

Mwaka 1958 alirekodi santuri ya pekee yenye jina lake kama kiongozi. Wanamuziki wa hapa hulifupisha jina la Kiingereza la tromboni, trombone, wakaiita bone, yaani mfupa, na santuri hiyo ukiitafsiri jina lake inakuwa Melba Liston na Mifupa Yake. Nilipomwambia mjomba alicheka mpaka akakohoa.

Nimefika sasa kwenye kile nilichokusudia. Katika miaka hiyo hiyo Melba alikutana na mpiga piano wa Brooklyn, Randy Weston, mtu mrefu kupita kiasi, ambaye baba yake alimlea akimwambia kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Weston alitunga, Melba akapanga, na ushirika wao ukadumu hadi uzeeni. Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na Weston akataka kutoa kazi kubwa ya kuusherehekea. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno. Kisha ikaulizwa maneno hayo yasomwe kwa lugha gani ya Kiafrika, na Weston akachagua Kiswahili, kwa kuwa ni lugha inayovuka mipaka ya makabila na ya nchi. Msomaji akapatikana New York, naye ni Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika. Kazi nzima ikapewa jina la Uhuru Afrika, na ilirekodiwa mwezi Novemba mwaka 1960, yaani miaka mitatu na zaidi kidogo kabla ya bendera yetu kupandishwa tarehe 12 Desemba 1963.

Sehemu ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza, na ya mwisho ina neno kucheza katika jina lake. Mara ya kwanza nilipoisikia nilikuwa nimevaa visikizio ndani ya basi, natoka kazini asubuhi, nimechoka. Ngoma zikaanza, halafu sauti ya mwanamume ikasema nami kwa Kiswahili kilichonyooka, cha mtu mzima anayejua anachosema. Nilikipita kituo changu cha kushukia.

Nimeisikiliza mara nyingi tangu hapo, na kila mara ninazidi kumsikia Melba. Kuna wapiga ngoma kutoka Nigeria, Cuba na Marekani pamoja, kuna Babatunde Olatunji, kuna Max Roach, kuna tarumbeta nne na waimbaji wawili, na katika wingi wote huo hakuna anayemkanyaga mwenzake. Anajua kumngoja msemaji amalize sentensi ndipo shaba ziingie, tena ziingie kwa chini, kama watu wanaoitikia dua. Tromboni pia zimo, lakini yeye mwenyewe hakupuliza hata moja. Alizigawa kwa wengine, akina Slide Hampton, Jimmy Cleveland na Quentin Jackson. Mwaka 1964 serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo, jambo ambalo linaonyesha kwamba kuna mtu kule aliisikiliza vizuri.

Ualimu wake ulishika nafasi kubwa baadaye. Baada ya kufanya kazi na vijana wa Harlem, mwaka 1973 alikwenda Jamaica kufundisha katika Chuo cha Muziki cha Jamaica mjini Kingston, akaongoza idara ya muziki wa Kiafrika wa Marekani na jazi, akakaa huko hadi mwaka 1979. Fikirieni, hiyo ndiyo miaka ambayo rege ilikuwa ikitoka Kingston na kuenea duniani, hata ikafika Kisauni na Likoni, na katika mji huo huo alikuwepo mwanamke wa Kansas City akiwafundisha vijana kusoma na kuandika muziki. Muziki wa filamu ya Kijamaika ya mwaka 1976, Smile Orange, ni wake. Mwaka 1979 alialikwa kurudi kupiga katika tamasha la jazi la wanawake lililofanyika hapa hapa Kansas City, na akaunda bendi yake mwenyewe.

Mwaka 1985 alipata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalemaa, na tromboni ikawa imekwisha. Tuzo ya juu ya serikali ya Marekani kwa mabingwa wa jazi ilimkuta mwaka 1987 akiwa katika hali hiyo. Hata hivyo alijifunza kupanga muziki kwa kompyuta, noti moja moja, na miaka ya 1990 yeye na Weston wakatoa kazi nyingine kubwa, miongoni mwao santuri mbili za mwanzoni mwa miaka hiyo. Alifariki Los Angeles tarehe 23 Aprili 1999.

Wiki iliyopita nilimpigia simu mjomba, nikaweka Uhuru Kwanza karibu na simu asikilize. Nilidhani ataniuliza habari za yule Mtanganyika. Hakumwulizia. Alinyamaza mpaka mwisho, kisha akataka kujua tromboni ni ngapi. Nikamjibu kwamba ni tatu. Akasema haiwezekani, yeye amehesabu zaidi, akaniambia niirudishe mwanzo. Nikairudisha.