Mwele Akiuliza Nani

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote? Mtaniwia radhi, simu yangu naiacha hapa mezani ikiwa wazi. Si dharau, sababu yake nitaisema baadaye.

Aliyenialika aliniomba nizungumze kuhusu maisha ya "shamani wa kisasa". Nikamwita mjukuu wangu nikamuuliza, shamani ndiyo mdudu gani? Akapekua simu yake, akanisomea kwamba neno limetoka kwa Waevenki, watu wa Siberia, kwenye baridi kali, wanaofuga kulungu. Haya. Mimi ni mganga. Mkiwa na shida mnatuita fundi, na mkishapona hamtuiti kabisa. (Kicheko.)

Lakini kuna jambo katika habari za hao Waevenki lilinikaa. Shamani wao, roho yake hutoka ikasafiri kuwafuata mizimu huko waliko. Sisi wa pwani hatuendi popote, wageni ndio wanaokuja. Mwenye pepo huku huitwa kiti, na kiti hakichagui nani akikalie.

Mimi nilikaliwa nikiwa darasa la sita. Mikono ilikufa ganzi, hata kalamu haishikiki. Hospitali wakapima, hawakuona kitu. Bibi yangu, mzaa mama, akaandaa chano: mayai, tende, halua, marashi ya waridi. Nikafunikwa shuka jeupe, chetezo kikaingizwa chini yake, moshi wa ubani ukanijaa mpaka machozi. Wanasema nilizungumza Kiarabu. Mimi Kiarabu changu ni cha chuoni, Juzuu Amma basi, na hata hiyo nilichapwa sana. Simtaki mtu aamini. Nasema tu kwamba baada ya siku saba niliosha vyombo kwa mikono yangu miwili, na ruhani yule ninaye mpaka leo.

Sasa huo usasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa unatumaliza, hapa Tanga madaktari waliwafuata waganga wakae pamoja. Bibi alihudhuria kikao kimoja, akarudi kimya. Kesho yake akakusanya nyembe zote za kuchanjia akazitupa chooni. Kabla ya hapo wembe mmoja ulipita kwenye vifua vya watu kumi kwa asubuhi moja, na hakuna aliyeona ajabu. Tangu siku ile kila mwele alikuja na wembe wake kwenye karatasi. Kwangu mimi usasa ulianzia chooni pale.

Leo kilingeni kwangu chetezo kiko kulia, mashine ya presha iko kushoto. Ubani hauwaki kabla mkono haujafungwa. Alikuja mzee kichwa kinamgonga, anasema karogwa na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mashine ikasoma 210 kwa 120. Nikamwita bodaboda, na nauli nikalipa mimi. Habari za jirani tulizirudia baada ya wiki mbili, akiwa anameza vidonge, na hasira zenyewe zimeshapungua.

Cheti ninacho, nimesajiliwa kwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002. Lakini nikipanda daladala sijitaji. Kila nguzo ya umeme ina karatasi ya mganga anayerudisha mpenzi na kuvuta pesa. Na watu wenye ualbino wameuawa nchi hii, viungo vyao vikauzwa, na walioelekeza biashara ile walijiita jina hili hili ninalojiita mimi. Mwaka 2015 serikali ilipowapiga marufuku wapiga ramli chonganishi, wale wanaomtajia mtu nani kamroga, wenzangu wengi walilalamika kuwa tunaonewa. Mimi sikulalamika. Nina langu.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Akaja mama aliyezika watoto wawili ndani ya mwaka mmoja. Alitaka jina. Bao la ramli liko mbele yangu, mume wake kasimama mlangoni, na noti ziko chini ya mkeka. Jina sikutaja. Nilisema: "Ni mtu mzima, wa upande wa mume, hupita mlangoni kwako kila asubuhi." Mnaona ujanja wa mdomo? Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa kisheria tangu enzi za Mwingereza, 1928, na mimi sikumtaja mtu. Ila aliyepita pale kila asubuhi alikuwa mmoja tu, shangazi yake mume, akiuza maandazi.

Nilisikia baada ya mwezi. Nikaenda kuangalia. Nyumba ilikuwa imeezuliwa, bati hakuna hata moja, na karai la maandazi limepinduliwa uani, kuku wanalidonoa masizi. Mwenyewe nilimkuta kwa binti yake, kijiji cha pili. Alinikaribisha chai. Hakunijua. Nikanywa ile chai yote, nikaaga, sikujitambulisha.

Tangu hapo mwele akiniuliza nani, namwambia: nieleze siku yenyewe, tangu ulipoamka. Ulikula nini, nani alikuja, mtoto alilia vipi. Wengine husema saa mbili nzima, ubani umezima zamani. Wengine hunyanyuka wakaenda kwa bwana wa mtaa wa pili anayetaja majina kwa elfu hamsini. Yule bwana ana gari. Mimi nina baiskeli ya mjukuu.

Sasa hii simu. Juzi usiku kanipigia binti wa hapa hapa mjini, yuko Muscat, Oman, kazi za ndani. Ananong'ona, kajifungia stoo. Miezi mitano hajalipwa, anataka nimwangalizie nani hapa nyumbani kamfunga nyota. Alikuwa na jina tayari, la wifi yake, alitaka tu niitikie. Nikamwambia, hebu nieleze siku yako. Akaeleza. Saa kumi alfajiri yuko macho, saa sita usiku yuko macho. Nikamuuliza: "Pasi yako ya kusafiria iko wapi?"

Akanyamaza sana.

"Anayo bosi."

Nikamwambia amwache wifi yake alale. Mjukuu akatafuta namba ya ubalozi wetu kule, nikamsomea tarakimu moja moja, naye akaandika kwenye kiganja kwa kuwa karatasi hakuwa nayo. Kabla hajairudia nisikie kama kaipata sawa, simu ikakatika. Nikipiga haipokelewi.

Basi ikiita, mtaniruhusu nitoke nje kidogo. Maswali karibuni.